Mguu wa Meza

Mwanangu aliingia chini ya kitanda kutafuta mpira, akatoka na ile turubai, vumbi mpaka kwenye kope. Akaitazama, akainamisha kichwa upande.

"Baba, mbona huyu ng'ombe amewekewa mguu wa meza?"

Ana miaka saba. Hajui kwamba neno hilo nilishaambiwa, tena na mtu mwenye kisu mkononi.

Mnaonijua mnakumbuka 2004. Tarehe 1 Februari sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati huo, zikaanza kazi: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu. Sisi tuliokula kwa kuchora nyuso za wanamuziki kwenye mabodi ya matatu hizo tukabaki na brashi kavu. Nikajisemea, basi, sasa nitachorea watu wa maana. Nikachora ng'ombe kumi na mmoja wa samawati, nikapewa ukuta kwenye ukumbi mmoja mjini, wageni wakaja, wakanywa divai. Mama mmoja mwenye miwani alisimama sana mbele ya huyu, akausifu mguu wa mbele, eti nimelivunja umbo makusudi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mzito. Sikuwa nimevunja kitu, kuchora mguu ndiko kulikonishinda. Sikuuza hata mmoja.

Njaa ikanipeleka soko la Burma, kando ya Jogoo Road, Nairobi, kuchora ukuta wa bucha. Nikamweka ng'ombe yuleyule. Mwenye bucha akanilazimisha nimpake kahawia ("rangi ya ng'ombe, fundi!"), nikampaka. Nilipomaliza akatoka nje, akarudi kinyumenyume amtazame vizuri, nusura agongwe na mkokoteni.

"Huyu hajawahi kutembea."

Nilidhani anatafuta njia ya kupunguza malipo.

"Kuja ndani."

Kwenye kulabu palikuwa na nusu ya ng'ombe. Mzee akapitisha ncha ya kisu kati ya bega na mbavu, polepole, akaniambia nisikilize. Sikusikia kitu.

"Ndiyo hivyo. Ungesikia mfupa. Hakuna."

Akaendelea, kisu kikifuata utando mweupe, na bega zima likaanza kuachana na mbavu kwa uzito wake lenyewe. Akanishika kifundo cha mkono, akakisukuma kiganja changu chini ya lile fupa pana. Palikuwa baridi, panateleza. "Mbele ng'ombe ameshikwa na nyama tu. Bega linapanda, linashuka, ndiyo maana anatembea vile." Kisha akapiga paja kwa ubapa wa kisu. "Huku nyuma ndiko mfupa umeingia ndani ya mfupa. Wewe umempigilia mbele kama nyuma. Kama meza."

Mteja aliyekuwa akingoja robo yake naye akatoka kukagua. Akauliza kama huyo ni dume, na kama ni dume, shingo yake imekwenda wapi.

Nilifuta bega mara mbili. Mara ya tatu mzee hakusema chochote, alirudi tu kwenye gogo lake akaendelea kukata. Nikalipwa pesa kidogo na kilo mbili za nyama, na nilirudi nyumbani nimejaa kuliko hizo kilo mbili.

Kwa miaka nimekuwa nikiisimulia hadithi hii kana kwamba ndiyo siku niliyowapata watu wangu. Lakini mle buchani hakuna aliyetaka kujua ng'ombe ananihusu nini. Aliyeniuliza kwa nini ni wa samawati ni yule mama wa divai. Nilikuwa na jibu, refu kidogo, lina babu yangu ndani yake na ukame, na alilisikiliza mpaka mwisho, glasi yake ikipata joto mkononi.

Ule ukuta ulikuja kupakwa rangi ya kampuni ya simu kuanzia juu hadi chini. Ng'ombe aliyejua kutembea hayupo. Huyu wa mguu wa meza tumehama naye nyumba nne.

"Utamrekebisha?" mtoto akauliza.

Nikamwambia amrudishe alikomtoa, mpira uko nyuma ya mlango.