Maumivu ya usiku ya mwanangu yalikuwa uvimbe wa mfupa

Mwanangu alikuwa darasa la saba ugoko wa kulia ulipoanza kumsumbua. Mchana alicheza mpira vizuri tu, lakini usiku wa manane aliamka akilia. Majirani walisema mifupa inarefuka. Mimi sikuridhika, kwa sababu maumivu ya kukua kwa kawaida hushika miguu yote miwili, na haya yalikuwa mguu mmoja, mahali palepale, tena yakizidi.

Nikawa naandika kwenye daftari saa anayoamka, dawa niliyompa na kama ametulia. Panadoli haikufua dafu. Ibuprofeni aliyoandikiwa zahanati ilimlaza mpaka asubuhi. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umenenepa upande mmoja, tukaambiwa huenda ni ufa wa zamani. Lakini daktari wa mifupa aliposoma daftari alinitazama: "Mama, ni kila usiku? Na akimeza hii ibuprofeni tu anatulia?" Akaagiza siti skani, picha inayoonyesha mfupa kwa ndani tabaka kwa tabaka.

Kikaonekana kiini kidogo kisichofika sentimita 1, kimezingirwa na mfupa mgumu. Kinaitwa osteoidi osteoma. Si saratani, hakisambai, na huwapata zaidi wenye miaka 5 hadi 25, hasa wavulana. Kiini hicho hutoa kwa wingi prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, na ibuprofeni huzuia zisitengenezwe. Nililia kwa furaha, maana nilikuwa nimeshawaza mabaya. Hata hivyo saratani ya mfupa na maambukizi ndani ya mfupa navyo huweza kuuma usiku, kwa hiyo mzazi mwenzangu, usiishie kwenye vidonge. Mtoto apigwe picha.

Uvimbe huu huweza kufifia wenyewe baada ya miaka, lakini kumeza ibuprofeni muda wote huo huumiza tumbo na figo. Ipo pia njia ya kukichoma kiini kwa sindano yenye joto la nyuzi 90 kwa dakika chache bila kupasua sana, ila tulikotibiwa haikuwepo. Akafanyiwa upasuaji, kiini kikakwanguliwa na kupelekwa maabara, majibu yakathibitisha.

Kidonda kiliuma, ila yale maumivu ya usiku hayakuja tena. Alitembelea magongo kwanza, kwani mfupa uliokwanguliwa huvunjika kirahisi, na mpira aliruhusiwa baada ya picha mpya. Tumeagizwa kurudi mara moja akianza tena kuamka usiku, kwa sababu kiini kisipotoka chote huweza kuota upya.