Siku moja maishani mwangu: rosela asubuhi, matope ya mikoko mchana

Saa kumi na moja alfajiri

Sufuria la kwanza kubandikwa jikoni leo sio la chai, ni la rosela. Maua makavu vikombe viwili, maji, yachemke mpaka yawe mekundu ya kukolea afu nachuja naweka kwenye chupa. Mume wangu akaamka akamimina glasi akijua ni juisi, uso wote ukakunjika maana sukari haimo. Nikamwambia hiyo ni ya kidato cha tatu baba, waachie na kemia yao.

Huku nachuja huku nacheki ratiba ya maji kwenye simu. Kwa msiokaa pwani: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, bahari inajaa sana na inakupwa sana, na huku kwetu Tanga siku za bamvua maji yanakuwa yamekupwa kabisa mida ya saa nne asubuhi, afu kila siku yanazidi kuchelewa karibu dakika hamsini. Sasa ratiba ya shule ninapofundisha inasema bailojia ya kidato cha pili ni Alhamisi mchana, saa ambayo kule kwenye mikoko maji yako kiunoni. Kwahiyo nikaenda kwa mwalimu wa jiografia tukabadilishana vipindi na malipo yake ni mimi kumshikia zamu Ijumaa, haya, biashara imeisha.

Saa moja na nusu

Mstarini. Matangazo, kucha, nani hajachomeka shati. Mimi napita na daftari nakusanya barua za wazazi za ruhusa ya kwenda pwani na kukagua viatu, maana nilishasema mtu asije na yeboyebo, tope linazinyonya zinabaki humo humo, na pekupeku ndo kabisa sitaki, maganda ya chaza yanakata mguu vibaya. Raba za zamani zilizofungwa kamba. Wawili wamekuja na ndala wakaazimwa na wenzao wa kidato cha nne, tukasonga.

Saa mbili kamili, maabara

Maabara yetu ni chumba kizuri tu ila bomba halitoi maji, tunajaza ndoo. Byureti, ile mirija ya kupimia vimiminika, zipo lakini haziwatoshi wanafunzi, na POP na MO, zile dawa za dukani za kutambua asidi na besi, ninazo kidogo nazihifadhi kwa ajili ya praktiko ya kidato cha nne. Ndo maana rosela. Ile rangi yake inabadilika kwenye asidi na kwenye besi (kinyume cha asidi) kama vile MO inavyotoka nyekundu kwenda njano, tofauti ni kwamba rosela inauzwa sokoni kwa vipimo vya kopo.

Kila meza ina vikopo: limau, siki, maji ya majivu, magadi, sabuni ya unga, soda nyeupe, dawa ya mswaki iliyokorogwa, chumvi ya mezani kwenye maji. Na sheria yangu ni moja tu, hakuna kugusa kitu mpaka mmeandika ubaoni mnadhani itatokea nini na kwanini. Hii sheria walimu wenzangu wananicheka nayo, wanasema nakula muda, ila mi nimeona mtoto ambaye hajabashiri anaangalia rangi anasema ahaa afu anasubiri umwambie aandike nini, na yule aliyeandika jina lake pembeni ya jibu anakuja mbio kuangalia kikopo kwa sababu heshima yake iko mle ndani.

Limau hamna aliyekosa, nyekundu ya kuwaka. Majivu ndo yalileta kelele. Meza tatu walibashiri hakuna kitakachotokea maana majivu si uchafu tu, wakadondosha rosela ikageuka kijani, jamani zile kelele! Mwalimu wa darasa la jirani akaja dirishani kuangalia kama kuna nyoka. Magadi nayo ikaenda huko huko kwenye kijani, sabuni ikaleta kijani yenye ubluu, chumvi haikubadilisha kitu. Dawa ya mswaki ikagawa meza mbili, nikawaacha wagombane.

Afu binti mmoja wa meza ya mwisho, huyu haongei kabisa darasani, akanyoosha mkono. "Madam, lakini si rosela yenyewe chachu? Sasa tukiimimina nyingi si tunakuwa tumetia asidi sisi wenyewe?"

Nikakaa kwenye stuli. Yaani hapo sikuwa na cha kuongeza, nikawarudishia wao swali: tufanyeje sasa? Mmoja akasema tuweke matone machache, sio kumimina. Mwingine akasema tuweke na kikopo kimoja cha maji matupu tutie matone yale yale tuone yenyewe yanakuwaje. Ndo hicho kikopo cha kulinganishia ambacho huwa nahangaika kukifundisha mpaka chaki inaisha, leo kimetoka kwao. Wakarudia vyote upya na hakuna aliyelalamika.

Kabla kengele haijalia kuna aliyeuliza, na maji ya bahari je? Nusu ya darasa wakasema yatakaa kama chumvi, hayabadilishi kitu. Nikachukua chupa tupu nikasema kidato cha pili watawaletea.

Saa tatu na nusu, njiani

Kutembea dakika ishirini hivi. Walimu wawili, mwanafunzi kiongozi mbele, mwingine nyuma, kasha la huduma ya kwanza, maji ya kunywa. Kamba zetu za kupimia ni za katani, huku Tanga katani haijawahi kuwa shida. Njiani swali ni lile lile kila mwaka, madam tutaona silikanti? Hapana wanangu. Silikanti, yule samaki wa kale, yuko kwenye kina kirefu huko kwenye mapango ya miamba, wavuvi wetu walianza kuwanasa kwenye majarife miaka ya 2003 na 2004, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake hapa hapa Tanga. Wanasayansi walishaamini ametoweka pamoja na madinosaria mpaka alipopatikana mmoja mzima Afrika Kusini mwaka 1938. Kijana mmoja akasema kumbe hata wao wanasayansi walibashiri wakakosa. Eeh, hata wao.

Saa nne asubuhi, ndani ya mikoko

Tulimkuta mzee wa BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia pwani, anatusubiri. "Shikamoo babu!" kwa sauti moja, "Marahaba wajukuu zangu, karibuni, ila mikono mifukoni kwanza." Maana mikoko ni msitu wa hifadhi, kukata bila kibali ni kosa, na yeye watoto wakianza kuvunja vijiti presha inampanda. Akawatembeza akiwataja miti kwa majina yao. Mlilana ule uliotangulia baharini. Mkoko wenyewe wenye miguu mingi. Mkandaa, magamba yake yanatoa rangi. Msinzi. Mchu huku nyuma karibu na nchi kavu. Akawaambia boriti za nyumba za bibi zao zimetoka humu, na majahazi yalikuwa yanazipeleka mpaka Arabuni. Mi nimesoma ekolojia chuo miaka mitatu lakini kwenye kutambua mkandaa na msinzi kwa kuangalia gome tu nasimama nyuma ya huyu mzee kama wanafunzi wengine.

Kazi ya kwanza, kila kundi linachukua mraba wa mita moja kwa mita moja, vijiti vinne na kamba ya katani, na tunashuka kwa mstari kutoka nchi kavu kwenda majini tunasimama sehemu tatu. Kwenye kila mraba wanahesabu mashimo ya kaa, mizizi inayochomoza, konokono na miche. Kabla ya kuhesabu, wanaandika wanavyodhani. Wengi waliandika kaa watakuwa wengi karibu na maji.

Kwenye mraba wa mchu, ile mizizi imesimama kwenye tope kama kalamu zilizochomekwa, wakahesabu wakapita mia mbili wakaanza kugombana nani amehesabu mara mbili. Nikawauliza mti una shida gani mpaka utoe mizizi juu badala ya chini. Kimya. Basi chimbeni. Juu tope ni la kahawia, ukishuka vidole viwili vitatu linakuwa jeusi tii, na harufu ikapanda, mayai viza. "Madam nani kajamba!" Tukacheka mpaka mzee akacheka. Afu tukarudi kwenye hoja: chini humo hewa ya oksijeni haifiki, bakteria wanaoishi huko wanatumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni na wanachotoa ni haidrojeni salfaidi, ndo hiyo harufu, na weusi ni chuma kilichoungana na salfa. Sasa kama wewe ni mzizi na umezaliwa humo, utapumua wapi? Kijana aliyeuliza nani kajamba ndo alijibu, mzizi unatoa pua nje.

Pale nilikuwa naongea Kiswahili kitupu, Kiingereza cha mtihani kitawakuta darasani saa nane.

Jani la mchu nalo. Geuza, angalia, lamba. Hawakuamini kama mwalimu anawaambia walambe jani. Kuna chembe nyeupe ukiliangalia kwenye mwanga, ni chumvi, mti unaitoa nje kupitia majani. Baada ya hapo kila mtu akawa analamba kila jani la kila mti, ikabidi nitoe amri.

Kilichonikaa zaidi leo ni mbegu za mkoko. Mnajua mkoko mbegu yake inaota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, inarefuka kama futi moja hivi na zaidi, ikikomaa inadondoka. Vitabu vingi wanapenda kusema inadondoka inajichoma kwenye tope inasimama. Nikasema haya, tujaribu, tuokote zilizodondoka zenyewe tuziachie kutoka usawa wa bega. Bashirini. Karibu wote: itasimama. Ya kwanza ikasimama, makofi. Ya pili ikalala. Ya tatu ikalala. Kwenye tope laini zinasimama kiasi, penye tope lililokaza au penye mizizi zinalala tu. Tukatupa nyingine kwenye maji ya kijito zikaelea zikaanza safari. Mmoja akauliza sasa zilizolala ndo zimekufa? Sikujibu, nikamwambia tembea, tafuta iliyolala zamani. Akarudi anakimbia na tope mpaka shavuni, ameona mbili zimelala chali lakini ncha moja imeshatoa mizizi imeshika chini, na ile ya juu imepinda inanyanyuka. Tulienda wote tukachuchumaa kuziangalia, hakuna aliyezing'oa. Yule mtoto amezichora kwenye daftari lake vizuri kuliko mchoro wa kitabu, nasema kwa dhati.

Saa tano na robo mzee akaangalia kijito akasema mwalimu, maji yameanza kurudi. Kwenye hilo sibishani naye hata kama simu inasema bado. Hesabu vichwa, jaza chupa ya maji ya bahari, tukageuza.

Saa sita

Kuosha miguu kwa zamu kwenye ndoo, ugali na maharage, mwalimu wa taaluma ananiuliza kwa upole kwamba topiki ngapi zimebaki. Nikamwambia nyingi. Tukala.

Saa nane

Darasani wamechoka, jua kali, ila namba za ubaoni ni za kwao kwahiyo wanazilinda. Sehemu yenye mashimo mengi ya kaa kwa makundi mengi ilikuwa katikati na juu, sio karibu na maji walikobashiri. Kundi moja lilikuwa na namba tofauti kabisa na wenzao, wakataka kuzifuta ili zifanane na za wengine. Hapo nilikuwa mkali kidogo. Usifute. Andika ulichohesabu, afu tuulizane kwanini. Ikaja kujulikana mraba wao ulikuwa chini ya mti uliodondoka, kivuli na unyevu, na kuna aliyesema labda wao walihesabu shimo lenye milango miwili kama mawili. Tukachora grafu na namba zao zikabaki humo. Nikawapa istilahi za Kiingereza kumi za kuandika, safari hii hawakuuliza maana yake, walishazikanyaga.

Saa tisa na nusu

Klabu ya sayansi. Kidato cha tatu wamekuja wenyewe kudai chupa yao ya maji ya bahari. Wakaweka vikopo viwili, maji ya ndoo na maji ya bahari, matone sawa, yule binti wa asubuhi ndo anahesabu matone na hataki mtu amsogelee. Rangi hazikufanana. Ila ni rangi gani hasa? Wengine wanaona zambarau, wengine wanasema bado ni nyekundu iliyofifia. Nikawaambia maji ya bahari kwa kawaida yana pH, ile namba ya kupimia asidi na besi, kama 8, yameegemea kidogo upande wa besi, ila rosela ndo kipimo chenu leo na kipimo chenu kinasema "sijui vizuri". Wakaniuliza madam tunaweza kuitoa ile asidi ya rosela ibaki rangi tu? Nikasema leteni mapendekezo. Mmoja ameshataja majivu kidogo kidogo mpaka ukali uishe, mwenzake akamwambia sasa utajuaje umefika, unatumia kipimo kujipima chenyewe? Kengele ikawakuta wamesimama juu ya mabenchi.

Saa kumi na moja jioni

Bajaji mpaka nyumbani, raba zangu kwenye mfuko maana dereva alikataa zisikanyage ndani. Mwanangu wa darasa la tatu akazinusa akakimbia.

Saa mbili usiku

Madaftari. Nasahihisha kuanzia kwenye safu ya "nilidhani", hiyo siipigi kosa hata ikiwa ya ajabu kiasi gani, napiga kosa pale aliyeona kijani akaandika nyekundu ili ifanane na alichobashiri. Leo nimewakuta watatu, kesho tunaongea.

Rosela imebaki chupa nusu, iko kwenye friji na nimeandika kwa makapeni SIO JUISI. Kesho kidato cha kwanza, sumaku na mchanga wa barabarani, kila mmoja aje na mfuko wa nailoni. Na mwalimu wa jiografia ameshanitumia meseji, anasema bamvua ijayo anataka twende wote, yeye afundishe mwezi na mimi nifundishe matope, ila zamu ya Ijumaa niko pale pale.