Mafua ya Kipupwe Nikisubiri Uchungu

Mafua yalinikamata mimba ikiwa na wiki 38, katikati ya Julai. Anayeishi Dodoma anaujua mwezi huo. Mvua huwa zimekatika tangu Aprili, mitaa kama huku kwetu Nkuhungu ni vumbi tupu, usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 15, na mchana upepo unavuma mpaka mchanga unaingia kwenye sahani. Nusu ya mtaa ilikuwa inakohoa. Nyumbani alianza mtoto wetu mkubwa, akamwambukiza baba yake, kisha ikawa zamu yangu.

Ninaandika kwa ajili ya mama aliye kwenye hali hiyo sasa hivi: tumbo limeshuka, begi la kwenda nalo hospitali limeshapangwa, na pua zimeziba zote mbili. Mafua ya kawaida ni ugonjwa wa virusi wa pua na koo, na kwa kweli hayakunitia hofu kwa ajili ya mtoto. Nilichoogopa ni uchungu kunikuta sijalala, sijala, sina pumzi ya kusukuma. Kwa hiyo nilijiwekea kazi moja: kupata usingizi na chakula kwa njia ambayo haitamdhuru mtoto. Mengine yote niliyaacha yapite yenyewe.

Mtihani wa kwanza ulikuwa vidonge. Mume wangu, kwa huruma yake, alienda duka la dawa akarudi na pakiti ya vidonge vya mafua vya mchanganyiko. Nilisoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Ndani mlikuwa na paracetamol, kafeini, dawa ya mzio, na dawa ya kuzibua pua ambayo hufanya kazi kwa kubana mishipa ya damu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niiweke pakiti kando. Mimba ya miezi tisa ni wakati ambao presha inachungwa kila unapoenda kliniki. Sikuona sababu ya kumeza kitu kinachoweza kuipandisha, eti pua ifunguke kwa saa chache.

Kesho yake nilichukua bajaji nikaenda kliniki, ingawa tarehe yangu kwenye kadi ilikuwa bado. Nawasihi wenzangu wafanye hivyo hivyo. Nilimwambia nesi, "Dada, nina mafua na kichwa kinauma." Hakuanza na dawa. Alinipima presha, akapima mkojo kuangalia protini, akapima joto, na kwa kuwa mwili ulikuwa una moto kidogo akanitoboa kidole kupima malaria. Alinieleza akiwa anaandika: kichwa kinachouma miezi ya mwisho, hata ukiwa na mafua, lazima presha iangaliwe kwanza, kwa sababu kifafa cha mimba nacho huanza na kichwa kuuma, macho kuona maluweluwe na maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia. Na homa kwa mjamzito haiitwi mafua mpaka malaria itolewe shaka kwa kipimo, hata huku kwetu kwenye ukame ambako mbu si wengi kama pwani. Vipimo vyangu vyote vilikuwa salama. Nilitoka pale nikiwa nimepumua, na sidhani kidonge chochote kingenipa utulivu ule.

Dawa aliyonipa ni paracetamol peke yake: vidonge viwili vya miligramu 500 nikizidiwa, nikae angalau saa sita kabla ya kurudia, nisizidishe vinane kwa saa 24, na nisiitumie kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Halafu akanionya juu ya diklofenaki na ibuprofeni. Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana dawa hizi zinauzwa karibu kila duka. Ukisema mgongo unauma tu, unafungiwa. Kuanzia wiki ya 20 ya mimba zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Kuanzia wiki ya 30 kuna hatari nyingine: mtoto tumboni ana mshipa karibu na moyo unaopitisha damu pembeni ya mapafu, kwa sababu bado hajaanza kupumua. Mshipa huo unatakiwa kujifunga baada ya kuzaliwa. Dawa hizo zinaweza kuufunga mapema. Aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari amemwandikia mama kwa ajili ya presha ni suala jingine; hiyo haiachwi bila kumuuliza aliyeiandika. Amoksilini pia niliambiwa niiache dukani, kwani haiui virusi.

Usiku ndio ulikuwa na kazi. Mimba yenyewe huvimbisha utando wa pua kwa sababu ya homoni na wingi wa damu mwilini, kwa hiyo mafua madogo yanakuwa makubwa ukilala. Kilichonisaidia kuliko vyote ni maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, matone machache kila tundu kabla ya kulala, na mengine ya kusukutua koo. Natengeneza mapya kila siku, yaliyobaki namwaga. Nililala ubavu wa kushoto, nikiwa nimepanga mito mpaka kichwa na mabega vimeinuka, na mto mwingine katikati ya magoti. Nikilala chali tumbo hilo kubwa linakandamiza mshipa mkubwa wa damu, kizunguzungu kinaanza.

Kuhusu kujifukiza, mama mkwe wangu alikuja kutoka Mpwapwa kunisubiri nijifungue, na alikuja na majani yake ya mwarobaini na mkaratusi. Kwao nyungu ni dawa, unafunikwa blanketi zito mpaka jasho likutoke. Nilimwambia, "Mama, mvuke naukubali, ila mwarobaini tuuache mpaka nijifungue. Na blanketi hapana, nitakosa hewa." Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi maji matupu, mwanangu. Ila hukai peke yako." Mwarobaini haushauriwi kwa mjamzito, na joto kali la blanketi linaweza kumfanya mama azimie. Tukakubaliana bakuli liwekwe mezani, si sakafuni katikati ya miguu, maji yaache kutokota kwanza, kichwani taulo jepesi, dakika chache, na yeye ameshika bakuli. Kwa tumbo lile kuinuka ghafla ni shida, na sufuria la maji ya moto likimwagika mapajani mambo yanabadilika kabisa.

Kuna jambo la baridi ambalo nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona mtaani: jiko la mkaa kuingizwa chumbani usiku. Baridi ya Julai inashawishi. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inashika damu badala ya oksijeni, na mtoto tumboni ndiye anaumia hata kabla mama hajajua kitu. Mwenye pua zilizoziba na kichwa kizito hawezi kutofautisha dalili zake na za mafua. Sisi tulivaa soksi, masweta na blanketi la pili. Jiko lilibaki uani, na kupika nikawaachia wengine ili nisikae kwenye moshi.

Kikohozi kilikuja mwishoni, na kikaleta jambo ambalo wengi hatulizungumzi. Kila nikikohoa, mkojo unachuruzika. Kichwa cha mtoto kikishashuka kinakaa juu ya kibofu, kwa hiyo kikohozi kimoja kinatosha. Sasa wiki ya 38 ukiona umelowa, unajuaje kama si chupa imepasuka? Nesi alinifundisha: nivae pedi safi, nikae, niangalie. Mkojo una harufu yake na unakoma. Maji ya uzazi hayana harufu ya mkojo, yanaendelea kutoka hata usipokohoa, na ukisimama yanaweza kuongezeka. Ukiwa na shaka, unaenda kupimwa, husubiri asubuhi. Yakiwa na rangi ya kijani au damu, unaondoka saa hiyo hiyo. Na nikitaka kukohoa nilikumbatia mto tumboni. Misuli ya pembeni iliyokuwa inavuta kama kamba ilitulia.

Tumbo pia lilikuwa linakaza na kuachia nikikohoa sana. Nikinywa maji na kubadilisha mkao linatulia, na uchungu wa kweli hautulii namna hiyo. Kila jioni nilitenga muda wa kumsikiliza mtoto anavyocheza. Nilishaamua: akipunguza kucheza, au mimi nikipata homa kali, kifua kubana, pumzi kukatika, hakuna kujadiliana nyumbani, ni hospitali.

Chakula hakikuwa na ufundi. Koo lilipokataa vitu vikavu, ugali laini wa uwele na mlenda ulipita bila shida, na mama mkwe alifurahi kwelikweli kuona nakula chakula chake. Uji mwepesi, supu ya kuku wa kienyeji, juisi ya ubuyu, chai ya tangawizi kidogo na asali. Hakuna hata kimoja kinachotibu mafua, lakini vinaingiza maji mwilini, na hewa ya Dodoma inakausha.

Uchungu ulipoanza, pua zilikuwa zimefunguka na kilichobaki ni kikohozi cha hapa na pale. Nilikuwa nimelala vizuri usiku uliotangulia. Nilipofika wodi ya wazazi kitu cha kwanza nilimweleza mkunga kwamba nimetoka kwenye mafua, ili anipe barakoa na ajue kwa nini nakohoa. Aliniambia nipumue kwa mdomo kati ya uchungu na uchungu, taratibu, midomo ikiwa imelegea. Binti yetu alizaliwa kabla ya adhuhuri.

Nilimnyonyesha tangu mwanzo, maana mafua hayazuii kunyonyesha na maziwa yanampa mtoto kinga mama anayotengeneza. Nilinawa mikono kwa sabuni kila kabla ya kumshika, nikavaa barakoa mpaka kikohozi kilipoisha. Kwa wageni mume wangu alisimama mlangoni bila aibu. Hata shangazi yake, aliyesafiri kutoka Kongwa akiwa anapiga chafya, aliombwa amwone mtoto kwa mbali kwanza. Alikubali, akakaa sebuleni na mama mkwe, akaja kumpakata alipopona.