Likizo ya majira ya baridi niliyopumzika nyumbani

Mwaka huu mimi na mume wangu tuliamua kutosafiri likizo ya majira ya baridi. Tulikuwa na uchovu ule usioondoka kwa usingizi wa usiku mmoja, na kila tulipowaza kufunga mizigo, kupanga foleni na kulala vitanda vya watu, tuliona tutarudi hoi kuliko tulivyoondoka. Hata hivyo nilijua kwamba mtu anaweza kushinda nyumbani likizo nzima asipumzike hata kidogo. Nyumba ina kazi zake: kabati la kupanga, nguo za kukunja, kitasa kinachosubiri kurekebishwa tangu mwanzo wa mwaka. Ukishinda nayo, inaanza kukutuma. Kwa hiyo jitihada yangu kubwa niliifanya kabla likizo haijaanza.

Kazini, siku ya mwisho sikuharakisha kumaliza kila kitu. Kwa kila kazi iliyobaki niliandika nilipoishia na hatua ya kwanza ya kuchukua nikirudi, kisha nikaondoa barua pepe za ofisi kwenye simu yangu. Kuzinyamazisha hakunitoshi, alama ile ya ujumbe mpya ingeniita tu. Kichwa changu kilitulia haraka kuliko nilivyotarajia, na naamini ni kwa sababu hakikuwa na kitu cha kukumbuka kwa niaba ya ofisi. Za nyumbani nilizigawa vivyo hivyo: za lazima zikafanyika mapema, nyingine tukakubaliana kwamba haziguswi, hata ukipita mbele ya kitasa mara ngapi.

Kilichokuwa kigumu ni kuwaambia ndugu. Nilimpigia shangazi simu mapema, kabla hajaanza kuandaa vitanda. "Shangazi, safari hii tunabaki nyumbani. Tutakuja siku zikianza kurefuka." Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi pumzikeni, mwanangu. Sauti yako yenyewe imechoka." Nashukuru sikutafuta kisingizio. Anayedanganya kwamba anaumwa hutumia likizo yake akijificha, na atapigiwa simu kila siku kujuliwa hali.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta tofauti kubwa kuliko yote, nalo ni mwanga. Kaskazini ya ikweta usiku mrefu kuliko wote huangukia tarehe 21 au 22 Desemba, kwa sababu mhimili wa dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.4 na wakati huo upande wetu umeinamia mbali na jua. Wengi hudhani kuanzia hapo asubuhi huanza kupambazuka mapema. Katika sehemu nyingi za kaskazini sivyo: jua huendelea kuchelewa kuchomoza hadi mwanzoni mwa Januari, ingawa jioni zimeshaanza kurefuka. Maana yake likizo hii huangukia asubuhi zenye giza kuliko zote za mwaka, na mtu aliyeko nyumbani hana kinachomtoa kitandani wala mlangoni.

Ubongo hupanga saa ya mwili kwa mwanga unaoingia machoni. Mwanga wa asubuhi huzuia melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kulala, na hupanga pia saa ambayo usingizi utakuja usiku unaofuata. Taa za sebuleni hutoa mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu, mara nyingi pungufu ya hapo. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, huwa zaidi ya elfu moja. Jicho huzoea haraka, ndiyo maana hatuhisi tofauti hiyo, lakini saa ya mwili inaihisi.

Kwa hiyo siku za mwanzo tulilala mpaka usingizi ukatuacha wenyewe, maana deni lilikuwepo. Baada ya hapo nikaanza kuamka karibu na saa yangu ya kawaida, na kulipokucha tu nilivaa koti na kutoka nje kutembea kabla ya kushika simu. Mume wangu alikuwa akinifuata nyuma, kimya, mikono mfukoni. Hatukwenda mbali. Siku chache zilitosha kuona faida: usingizi ulianza kuja mapema usiku, na ule uzito wa mchana, wa mtu aliyelala sana lakini hajaburudika, ukaisha. Binti yetu hatukumlazimisha. Saa ya mwili ya kijana wa umri wake huchelewa kwa maumbile, na kumwamsha alfajiri wakati wa likizo ni kumnyima haki yake.

Chumba cha kulala tulikiacha kiwe na ubaridi kidogo, karibu nyuzi joto 18, tukaongeza blanketi. Muda wa saa moja na nusu hivi kabla ya kulala, nilioga maji ya moto. Inaonekana kinyume, lakini maji ya moto huvuta damu kwenye ngozi, mikono na miguu, joto la ndani ya mwili hupata njia ya kutoka, na mwili unapopoa ndipo usingizi huja. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mzee, msishushe joto hivyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini cha usalama ndani ya nyumba katika nchi za baridi, na watu kama hao wanahitaji zaidi. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingizwe ndani kupasha chumba joto. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Aliyelala haamki kuikimbia.

Asubuhi tulifungua madirisha wazi kabisa kwa dakika chache kisha tukayafunga. Hewa nzito hutoka, na kuta hazipati muda wa kupoa. Dirisha lililoachwa wazi kidogo kutwa nzima hupoteza joto jingi zaidi.

Mchana ulihitaji uvumilivu. Mwili uliozoea kukimbizana hauketi chini mara moja. Nilijikuta nikisimama bila sababu, nikitafuta cha kufanya. Simu ingeniziba pengo hilo kwa urahisi, kwa hiyo ilikaa kwenye droo ya ukumbini. Nilichukua sindano za kufuma. Naona mikono ikiwa na kazi ndogo isiyo na haraka, akili hutulia bila kuamrishwa. Mume wangu alisoma, na akisinzia alilala kidogo, ila kwa nusu saa tu na mapema mchana, maana usingizi wa alasiri huiba wa usiku. Kahawa pia tuliikata mchana. Nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini saa tano baada ya kuinywa.

Kuna jambo nisingependa mtu alichanganye na uchovu wa kawaida. Wapo ambao majira ya baridi huwaletea huzuni nzito, kulala kupita kiasi na kukosa hamu ya chochote, kila mwaka yakifika. Ni ugonjwa, ulielezwa na kupewa jina na daktari Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984, na una tiba, ikiwemo taa maalumu ya laksi 10,000 inayotumika kama nusu saa asubuhi. Mwenye hali hiyo amwone daktari, wala asijifungie ndani akisubiri likizo imponye.

Kuelekea mwisho wa likizo tulianza kuwahi kulala kidogo kidogo, tukatoa viatu na mikoba ya kazi mapema ili usiku wa mwisho usiwe wa pilikapilika. Matembezi ya asubuhi nimeyaendeleza. Siku ambazo jua linachomoza nikiwa tayari kazini, natoka nje wakati wa mapumziko ya mchana badala yake, na nimemwomba mwenzangu wa meza ya jirani tuwe tunatoka wote.