Būdavo, jamani!

Leo darasani hapa Vilnius tumefundishwa kitenzi cha Kilithuania būti, yaani "kuwa", na bado kinanizunguka kichwani.

Sasa hivi ni esu (mimi), esi (wewe), yra (yra ni yeye na wao pia). Jana ni buvau, kesho būsiu. Kumbe esu na buvau ni mizizi miwili tofauti kabisa, esu zamani ilikuwa esmi, ndugu wa asmi ya Kisanskriti (lugha ya kale ya India), na bu- ina undugu na be ya Kiingereza!

Ila kilichonishika ni būdavau: nilikuwa, tena mara kwa mara, enzi hizo. Mwalimu akatoa mfano wa bibi yake, akaitamka būdavo (hapo ni yeye, siyo mimi) taratiiibu, nikamkumbuka bibi yangu Tanga palepale macho yakalengwa machozi.

Nyie mnaojifunza lugha, kitenzi gani kimewagusa?