Mizani ya jikoni ndiyo iliyonitotoleshea vifaranga Dodoma

Kama unaishi Dodoma, Singida au Shinyanga na umeambiwa usitie maji kwenye mashine ya kutotolesha mpaka siku ya 18, ushauri huo utakuulia vifaranga. Uliniulia wangu. Aliyenipa ni mfugaji wa Dar es Salaam, mtu mzoefu, na kwake unafanya kazi. "Maji yakizidi kifaranga anazama ndani ya yai, mdogo wangu. Iache kavu." Nikafuata neno kwa neno. Ilikuwa mwezi wa nane, hapa Nzuguni, wakati midomo inapasuka na nguo unazoanika asubuhi zinakauka kabla hujamaliza chai.

Mayai yenyewe yalikuwa mazuri. Niliyafuata Kibaigwa kwa mama mmoja mwenye kuku wa kienyeji, jogoo mmoja kwa mitetea isiyozidi kumi, na yote yalitagwa ndani ya wiki moja. Yalipofika niliyapumzisha usiku kucha, ncha chini, maana basi lilikuwa limeyatikisa. Joto halikuyumba, 37.7 muda wote. Siku ya 7 nilipoyamulika kwa tochi mishipa ya damu ilikuwa imejichora vizuri. Siku ya 21 yakaanza kudonolewa. Unaona kitundu, unamsikia kifaranga analia ndani, halafu kimya. Waliotoka walikuwa wachache, na baadhi yao walitembea na vipande vya ganda vimewagandia mgongoni.

Nilichukua beseni nikayapasua yaliyobaki, moja moja. Iliniuma, lakini nilitaka kujua. Ndani kifaranga amekamilika, manyoya yote yapo, kiini kimeshaingia tumboni, mdomo umeshatoboa. Ila ule utando mweupe chini ya ganda ulikuwa umekauka kama karatasi ya nailoni, umembana hata shingo hageuzi. Na kifaranga hukata ganda kwa kujizungusha. Asipozunguka, anafia pale pale. Chumba cha hewa upande wa butu kilikuwa kikubwa kuliko nilivyowahi kuona.

Hapo ndipo nilipoelewa ushauri wa Dar ulitoka wapi. Hewa ukiipasha joto inakauka. Hewa ya pwani, yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, ukiifikisha 37.7 ndani ya mashine bado inabaki na unyevu wa asilimia 45 hivi, na hicho ndicho yai linachotaka siku 18 za mwanzo. Mtu wa Dar hana haja ya maji kwa sababu bahari imeshamtilia. Hewa ya Dodoma ya kiangazi ukiipasha hivyo hivyo inashuka chini ya asilimia 25. Yai linakaushwa.

Kipima unyevu kilichokuja na mashine nacho sikukiamini. Nilikijaribu kwa chumvi: chumvi ya kupikia unailowesha kidogo iwe tope, unaifungia na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa kadhaa, na kipimo kisicho na kasoro kinapaswa kusoma 75. Changu kilisoma zaidi ya 80. Kwa hiyo niliamua kuliuliza yai lenyewe.

Yai la kuku likiwa kwenye mashine hupoteza maji kupitia ganda, na mpaka siku ya 18 linatakiwa liwe limepungua kama asilimia 12 ya uzito wake. Nilinunua mizani ya kidijitali ya jikoni, elfu ishirini na kitu. Nikaingiza mayai mengine kwenye mashine, nikachagua kumi, nikapima moja moja na kuandika uzito wa kila moja kwenye ganda kwa penseli (kalamu ya wino usiiguse, ganda linapitisha). Jumla ilikuwa gramu 420. Maana yake siku ya 18 yasome karibu 370, yaani yapungue kama gramu 17 kila baada ya siku sita. Na kwa kuwa kila yai lina uzito wake juu, hata likionekana halina mbegu na ukalitoa, hesabu haiharibiki.

Siku ya 6 nikapima: zimeshapungua gramu 26. Nilifurahi sana, maana safari hii nimeujua ukavu mapema, yai likiwa bado linaokoleka. Nilikuwa nimejaza mfereji mmoja wa maji. Nikajaza na wa pili. Kumbuka kina cha maji hakisaidii kitu, kinachosaidia ni upana wa uso wake. Kwa hiyo nikaongeza kitambaa cha pamba, ncha moja majini na nyingine imesimamishwa ukutani mwa mashine, kinavuta maji na kuyapumua. Maji naongeza ya vuguvugu ili joto lisianguke. Siku ya 12 mwendo ulikuwa umepungua, na siku ya 18 mizani ikasoma 368. Nilimwita mke wangu aje aone.

Siku tatu za mwisho hakuna kugeuza, unyevu unapanda mpaka 65 au 70, na mfuniko haufunguliwi. Kuna watakaokuambia umsaidie kifaranga kumenya ganda. Hapana. Kila ukifungua, mvuke wote unatoka na wenzake wanakaukiwa. Aliyekwisha kutoka anaweza kukaa humo hata siku mbili bila kula, kiini alichonacho tumboni kinamtosha. Umeme ulikatika usiku ule ule wa kutotoa. Nilifunika mashine kwa blanketi nikaacha matundu ya hewa wazi, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Karibu yote yaliyokuwa na mbegu yalitotoa. Wakauka, wakanywa maji, na baadaye wakapata chanjo ya kideri.

Yule kaka wa Dar nilimpigia simu nikamsomea namba zangu. Naye masika akapima yake, na kwake ikawa kinyume: mayai hayapungui inavyotakiwa, ikabidi afungue matundu ya hewa zaidi. Mizani ni ile ile. Majirani sasa wananiletea mayai yao niwatotoleshee, na ninayapokea mradi hayajaoshwa wala kulala kwenye friji.