Umeshatetea tasnifu, lakini bado si Dokta

Kifungu cha 132a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinasema anayejipa cheo cha kitaaluma asichokuwa na haki nacho anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja au kutozwa faini. Nilimweleza shangazi hayo kwenye simu, jioni ileile niliyotetea tasnifu, kwa sababu kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa limeshafurika "Hongera Dokta". Akanijibu, "Kwa hiyo watakuja kunifunga mimi huku Korogwe?" Sikuwa na hoja.

Yeye yuko salama, lakini mimi sheria ilinihusu. Huku Ujerumani kufaulu utetezi hakukufanyi daktari. Unakuwa daktari siku tasnifu imeshachapishwa, maktaba imeshapokea nakala zake, na hati umeshakabidhiwa mkononi. Kati ya makofi na hati hiyo miezi inaweza kupita, na wengine huimalizia nyumbani wakiwa na ajira nyingine kabisa. Wengi mnaoniandikia mnauliza namna ya kupata nafasi ya kusomea shahada ya udaktari, na hilo limeandikwa vya kutosha. Huku mwishoni ndiko mkataba wa kazi chuoni unakoisha mtu akiwa hajajipanga.

Nilisoma Dr.-Ing., yaani udaktari wa uhandisi, ya umeme, upande wa uthabiti wa gridi. Kwenye uhandisi huku mwanafunzi wa udaktari kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo: unalipwa mshahara, unasimamia maabara za wanafunzi, unaandika ripoti za mradi, na tasnifu yako inakaa humohumo katikati. Raha yake ni kwamba hulipi ada. Karaha ni kwamba mkataba una tarehe ya mwisho, kibali chako cha kuishi nchini kinafuata mkataba, na tasnifu haifuati chochote kati ya hivyo viwili.

Ndiyo maana ninasema fungua kanuni za udaktari za kitivo chako, wenyewe wanaziita Promotionsordnung, tangu mwaka wa kwanza. Za kitivo chako, si za rafiki yako wa chuo jirani, kwani zinatofautiana mno. Kuna wanaotaka hati ya tabia njema kutoka serikalini, ambayo unaiomba ofisi ya wakazi ya mji wako kwa euro 13, na ikiwa ni ile ya kupelekwa ofisini inatumwa moja kwa moja kwa mkuu wa kitivo, wewe huioni. Kuna wasioitaka kabisa. Kuna wanaokubali tasnifu iliyoundwa kwa makala ulizokwisha kuchapisha, na wengine wanataka kitabu kizima kilichoandikwa upya. Kwa waliosoma shahada ya uzamili Tanzania au Kenya, kuna suala la kutambuliwa kwa shahada hiyo na pengine kupangiwa mitihani ya ziada. Hilo limalizeni mwanzoni kabisa na mpewe kwa maandishi. Neno la profesa kwenye korido si waraka.

Unapowasilisha, unapeleka ombi la kufungua rasmi mchakato, nakala za tasnifu, wasifu, vyeti vilivyothibitishwa, na tamko la kiapo kwamba kazi ni yako na vyanzo vyote umevitaja. Usitie saini tamko hilo kwa haraka kama fomu ya hoteli. Nchi hii imeshawahi kumpoteza waziri wa ulinzi, mwaka 2011, kwa sababu ya tasnifu yenye maneno ya watu wengine, na chuo kilimnyang'anya udaktari. Wanaisoma.

Sasa kalenda. Baraza la kitivo au kamati ya udaktari ndiyo inayoteua watahini, na mara nyingi hukutana wakati wa muhula tu. Ukichelewesha bahasha kwa siku moja, unasubiri kikao kijacho, na kama kinachofuata ni likizo ya kiangazi, basi unasubiri haswa. Watahini wakishateuliwa hupewa wiki au miezi kadhaa kuandika ripoti, na hakuna mtu wa kumharakisha profesa mwenye cheo chake. Ripoti zikifika, tasnifu huwekwa wazi kwa muda, kwa kawaida wiki mbili, ili maprofesa wengine wa kitivo waisome na kupinga wakitaka. Kwa hiyo chukua tarehe ya mwisho wa mkataba wako uhesabu kurudi nyuma, ukiviweka vipindi vyote hivyo. Utakachokiona kwenye karatasi kitakuondoa usingizi, na ni afadhali usingizi huo uondoke mapema.

Utetezi wenyewe una mengi ya kufurahisha na machache ya kueleza: unatoa mada, unaulizwa maswali, unatolewa nje, unaitwa ndani. Wenzako wa maabara wanakuvika kofia ya kadibodi waliyoitengeneza kwa siri, imebandikwa vitu vya kukutania. Yangu ilikuwa na nguzo ya umeme na basi dogo la Tanga lenye taa zinazowaka. Nimeitunza.

Baadaye ndipo masahihisho. Msimamizi anatia saini kwamba toleo la kuchapa ni sawa, kisha unachagua: kupakia kwenye hazina ya kidijitali ya maktaba ya chuo, au kwenda kwa mchapishaji. Mimi nasema hazina. Ni bure au karibu na bure, nakala za karatasi zinazodaiwa ni chache, na mwanafunzi wa Dodoma au Mombasa ataisoma bila kulipa. Ila kagua haki za makala zako kwanza. IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme inayochapisha majarida, kwa mfano, inaruhusu mwandishi kutumia makala yake ndani ya tasnifu, kwa sharti utaje chanzo kwa maneno wanayoyaagiza, na mtandaoni uweke toleo lililokubaliwa, si ile PDF yao iliyopambwa.

Kibali cha kuishi nacho kina njia. Mhitimu wa chuo cha Kijerumani anaweza kuomba kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi. Ulizeni idara ya wageni mapema waraka gani wanaukubali kuwa ushahidi wa kuhitimu wakati hati yenyewe haijatoka.

La mwisho ni la wanaorudi nyumbani. Shahada hii imeandikwa Dr.-Ing., si PhD. Ilianza 1899, Kaizari Wilhelm II alipoviruhusu vyuo vya ufundi vya Prussia kutoa udaktari, na kwa kuwa vyuo vikuu vya zamani havikupendezwa, ikapewa jina la Kijerumani lenye kistari, isichanganywe na zile za Kilatini. Afisa utumishi wako hana habari na Kaizari. Atataka utambuzi wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na fomu za namna hiyo huulizia transkripti, wakati udaktari wa uhandisi huku mara nyingi hauna masomo ya darasani wala transkripti. Omba ofisi ya mkuu wa kitivo barua ya Kiingereza, yenye muhuri, inayoeleza kwamba hii ni shahada ya juu kabisa ya utafiti na kwamba haina orodha ya masomo. Iombe kabla hujarudisha funguo za ofisi, wakati katibu muhtasi bado anakujua kwa sura.